Uso wa Assani Kwenye Mashini

Wamaza

Yaya Zaina,

Salaam aleikum, dada yangu. Nakupa pole tena ndani ya eda yako, na kabla ya yote nataka kujua: umeanza kula? Dereva wa pikipiki aliyetoka Kasongo ameniambia Mama anakulazimisha uji kama mtoto mchanga. Kula, Yaya. Mama akichoka kukugombeza wewe atanigeukia mimi, na mimi niko huku, siwezi hata kujitetea. Mwili wangu ni mzima. Kichwa ndicho hakijatulia, na usingizi wangu umekuwa mwepesi tangu siku ya kura. Simu hapa inashika juu ya kilima tu, na kule juu kila mtu anasikiliza maneno ya mwenzake, ndiyo maana nimeona bora niandike.

Ulipopata habari ya msiba uliniuliza kama mume wako alisema neno la mwisho, na kama uso wake ulikuwa mtulivu. Nilikujibu vibaya kwa sababu nilikuwa nalia. Homa ilimshika njiani akitoka Salamabila kuomba kura. Wakamshusha hapa kwenye kituo cha afya, na kabla ya alasiri alikuwa ameshatuacha. Dini inataka haraka, na joto nalo lilikuwa kali, tukamzika siku hiyo hiyo. Wewe ulikuwa Kasongo. Mama yake alikuwa shambani ng'ambo ya mto, akafika udongo umeshafunikwa, na ndugu zake wengi walifika nyuma yake. Waliopata kumuaga usoni ni mimi na wanaume wachache tuliomwosha, basi. Jambo hilo liliwakaa watu wa hapa kama mfupa kooni, na mimi nikadhani litapita.

Sasa nikupe habari za kura. Walimu ndio tunaoitwa kusimamia, na mimi nilipewa ukubwa wa biro moja ya kupigia kura hapa shuleni. Unaukumbuka ubishi wangu na marehemu. Yeye alikuwa mtu wa mashini: "Shemeji, karatasi zenu za zamani zilikuwa zinajaa sandukuni hata jogoo hajawika." Mimi nilikuwa namjibu kwamba mwizi wa karatasi ana mikono, siku moja utamshika, lakini mwizi aliyejificha ndani ya mashini utamshika wapi? Nikawa namwita Bwana Betri, na yeye akawa ananiita Babu Karatasi, na wewe ukatufukuza sote wawili barazani.

Wewe hukwenda kupiga kura, kwa hiyo nikueleze. Mtu anaingia nyuma ya kartoni ya kumkinga asionekane, anagusa picha ya mgombea kwenye kioo, uso unakuwa mkubwa, anakubali, na mashini inamtolea karatasi yenye uso ule ule. Anaikunja, anaitia sandukuni. Jioni tunahesabu karatasi kwa mkono na kutazama kama zinalingana na hesabu ya mashini. Mashini inailinda karatasi, na karatasi inailinda mashini. Mpango huo hata mimi nilikuwa nimeukubali.

Lakini majina yalikuwa yamefungwa kabla Assani wako hajafa, na hakuna aliyemtoa. Asubuhi nilipoiwasha mashini kuijaribu, nikamkuta. Amevaa ile kofia uliyomshonea, ananitazama. Uso niliouosha kwa mkono wangu, nikaufunika mwenyewe, sasa unawaka mbele yangu na unangoja nibonyeze. Niliogopa, Yaya. Nilikaa kwenye dawati la mtoto mpaka mwenzangu akaniuliza kama naumwa.

Tuliwatangazia watu mlangoni kwamba kura ya marehemu haitampa mtu kiti. Wakaitika. Lakini akina mama wa kijiji chake walipoanza kuingia, foleni ikasimama. Kila mmoja alikawia nyuma ya kartoni. Nikadhani kioo kinawashinda, nikasogea, na nikasikia sauti ndogo ikisema, "Assani, mutoto yangu, utusamehe. Sisi tumekusamehe yote." Nikarudi nyuma. Maneno hayo unayajua, ni ya kumuaga maiti kabla hajatolewa nyumbani. Mkubwa wa biro hana haki ya kumkatiza mtu anayeyasema, hata kama sheria ya kura inampa.

Halafu mvua ikapiga. Bati la shule yetu unalijua lilivyo. Waliokuwa nje wakaingia ndani wote, sanduku tukalipandisha mezani lisilowe, na kwa muda hakuna aliyemwona mwenzake anafanya nini.

Jioni tukahesabu. Mashini ilisema nyingi, sanduku likasema chache. Tukarudia, hali ile ile. Mashahidi wa wagombea wakaanza kelele, huyu akisema mashini imedanganya, yule akisema mwalimu ameiba. Moyoni nilisema: umeona, Bwana Betri? Kisha nikakumbuka hayuko wa kunijibu. Tulipotazama mgombea mmoja mmoja, wote walilingana sawasawa isipokuwa yeye. Pengo lote lilikuwa lake. Pale kelele zikakatika. Mzee mmoja aliyekuwa shahidi akavaa kandambili zake polepole, akasema, "Kura za marehemu zimetoka zenyewe mu sanduku. Miye naenda kwangu." Akaenda kweli, na polisi aliyepewa kulinda darasa akakataa kubaki ndani peke yake. Mimi ni mtu niliyesoma, Yaya, lakini usiku ule niliwasha taa mpaka mafuta yakaisha.

Nilipofika Kabambare kupeleka karatasi na mashini, bwana aliyekuwa anazipokea alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu chini. Akasema, "Mwalimu, maneno ya wafu siandikake. Ulete zile karatasi siku ya Ijumaa, zote. Kama moja inakosa, mutu atasema mia zinaweza kukosa. Nitaandika ni weye uliiba, na kazi ya shule utaisahau." Hakuwa mtu mbaya. Alisema jambo ambalo mimi mwenyewe ningelisema.

Nikarudi, nikaenda kwa mama mkwe wako kumsalimu tu, maana sikuwa na pengine pa kwenda. Nikakuta wanawake wamekaa mkekani, na mbele yao wamepanga karatasi za kura, Assani juu ya Assani, pembe zote zimenyooshwa kwa kiganja. Hawakushtuka. Mmoja akanisogezea kigoda: "Karibu, Mwalimu. Tuko namuaga."

Nikauliza kwa nini hawakuzitia sandukuni. Wakanishangaa mimi.

"Tumukunje uso?" akasema yule yule. "Halafu tumufungie tena? Mara ya kwanza mulimufunika mbele hatujafika. Hii mara tulimupata, tukamuleta kwake."

Mashini haikumwibia mtu. Ilihesabu kila kidole kilichoigusa, haki bin haki, ila haikujua kwamba amekufa. Na karatasi, hiyo karatasi yangu niliyoitetea miaka yote, ilitoka mlangoni ndani ya vitenge vya mama zetu mchana kweupe, na wenye nayo hawakuwa wezi. Nimelifikiria hili mpaka kichwa kimeuma. Sisi tulibishana kuhusu vyombo, na hatukuwahi kujiuliza watu wanakuja na nini mioyoni.

Niliwaeleza habari ya Ijumaa. Walitazamana, kisha wakaanza kunipa, mmoja mmoja, kila mmoja akigusa paji la uso wa karatasi kwanza. Hakuna aliyegoma. Mama mkwe wako peke yake hakunyanyuka. Yake alikuwa ameilaza kifuani, na mkono juu. Wenzake walipotoka akaniita karibu.

"Mutoto yangu Ramazani," akasema, "miye nimekwisha kumuaga. Shika. Peleka Kabambare, kazi yako isipotee. Ao umupelekee Zaina. Yeye hakumuona hata kidogo. Utachagua weye."

Nimepiga kura nyingi maishani mwangu, Yaya. Hiyo ndiyo iliyonitoa jasho.

Unisalimie Mama yetu, na mwambie uji auwekee sukari, huenda ndiyo sababu huuli. Salamu kwa Baba mdogo wa dukani, na kwa mke wake aliyenifungia karanga safari iliyopita. Salamu kwa mwalimu wangu wa madrasa, kama macho bado yanamruhusu kusoma. Watoto wako wakumbatie mmoja mmoja, usiwakumbatie kwa fungu, kila mmoja ana msiba wake. Mnikumbuke kwenye dua, maana kuanzia Jumatatu sijui nitakuwa naamkia wapi.

Ijumaa nilipeleka zote isipokuwa moja. Yule bwana alizihesabu, akaniuliza iko wapi nyingine. Nilimwambia haitarudi. Akaniuliza kama najua maana ya ninachosema, nikamwambia najua. Akaandika kama alivyoahidi, na mimi nikatia sahihi. Hesabu za biro yetu zimefutwa, za walio hai na za maiti. Vijana wa hapa wanasema mashini ni mwizi, wazee wanasema mwizi ni mimi. Wanaojua ukweli ni wanawake wachache, na nimewaomba wanyamaze.

Dereva nimempa kitambaa cheupe nilichokishona pande zote, na ndani nimetia ubao mwembamba ili kisipinde njiani. Kifungulie chumbani, ukiwa peke yako. Wino ulipungua kidogo upande wa sikio la kushoto, lakini macho ni yake kabisa, na uliniuliza kama alikuwa mtulivu. Muage, Yaya.

Ni mimi mdogo wako,
Ramazani