Pesa Isiyoshikika Mkononi

Hewa Bora, Lubumbashi

Mama Amina, mke wangu,

Asalam aleikum, wewe na watoto. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, kasoro kidole gumba nilichokigonga na nyundo, na roho, ambayo nayo ni kama imegongwa. Nyinyi hamjambo? Kikohozi cha Amina kimeisha? Na mdogo wake ameanza kutembea, au bado anatambaa?

Maneno uliyomtuma dereva wa lori nimeyapata. Alinikuta kazini, mafundi wenzangu wote wapo, akasema kwa sauti: "Baba Amina, bibi yako anauliza, huyo mwanamuke mwenye kukula pesa ya safari anaitwa nani?" Watu walicheka mpaka wengine wakaweka nyundo chini. Mimi sikucheka. Mke wangu, hakuna mwanamke. Angekuwepo, angalau ningekuwa nimekula naye! Ndiyo maana nimeona nikuandikie mwenyewe, ujue kwa nini kiangazi hiki kitaisha wewe bado uko Kasongo.

Kazi yangu ni ile ile, kuchora kwa nyundo juu ya sahani za shaba za kutundika ukutani. Zamani wageni waliopita mjini ndio walionunua, siku hizi hawaonekani. Mwaka jana nikapata mnunuzi wa Ulaya kupitia simu. Sura yake siijui. Ananiambia chora soko, chora wavuvi, chora chochote cha kwenu, na mimi nachora, namtumia. Analipa, siwezi kumsingizia. Lakini analipa kwa kripto.

Kripto ni pesa inayokaa ndani ya simu, wala si ile tunayotumiana sisi kwa namba na kwenda kuitoa kwa wakala. Hii haina noti, huwezi kumpa mtu wa treni akakukatia tiketi. Nilimwuliza kwa nini asilipe kama watu wengine, akasema benki za kwao zikisikia jina la Kongo zinaziba masikio. Wabadilishaji wapo hapa mjini, wanaipokea na kukupa dola, lakini wanakukata mpaka unabaki na mifupa. Jirani yangu mmoja alituma yake, akaambiwa asubiri kidogo mlangoni, mbadilishaji akatokea mlango wa nyuma. Mpaka leo hajarudi.

Basi nikawa tajiri wa kuangalia. Nafungua simu, naiona nauli yenu, nafunga simu, nalala na njaa.

Aliyenionea huruma ni Mama Chantal, mwanamke wa Kongolo anayeuza vocha za simu chini ya mwavuli, hapa karibu na nyumba ninayopanga. Mdomo wake pilipili, lakini moyo ni mweupe. Akaniambia: "Baba Amina, weye uko nalia bule. Iyo kripto bantu banabadirishaka mu karte kado. Unanunua nayo bintu ku duka ya internet, unakuya kuuzisha hapa, unapata franga ya mukono."

Karte kado, yaani kadi ya zawadi. Usifikiri ni kadi ya kushika. Unatoa kripto yako, unaletewa mstari wa herufi na namba kwenye simu, unauandika kwenye lile duka kubwa la mtandaoni, duka linakuruhusu kununua. Kwao tu, kwingine haifai kitu. Eti zawadi! Jasho langu mwenyewe, napewa kama vile mtu amenihurumia.

Na duka lenyewe halifiki huku. Ukiandika Lubumbashi, linakukatalia. Bahati Mama Chantal ana wifi yake anayekaa Ndola, upande wa Zambia, anayepokea mizigo na kuivusha mpakani Sakania. Tulitaka simu, duka likakataa kutuma chochote chenye betri. Tukaamua viatu vya kazi, vile vyenye chuma mbele, kwa sababu wachimbaji wa Ruashi wanavinunua kila leo. Sasa sisi tunavaa arobaini na mbili, na duka limeandika namba ndogo ndogo, nane, tisa, kumi na mbili. Nikauliza. Mama Chantal akasema bila wasiwasi: "Kumi na mbili njo arobaini na mbili. Banaondoaka tu ile makumi tatu ya mbele." Na mimi nikakubali!

Mama Amina, viatu vilipofika, mguu wangu na wa kaka yako ingeingia pamoja katika kimoja. Watu wa forodha Sakania walishachukua chao. Ruashi wakanicheka, mmoja akaniuliza kama nimeanza kuwavisha tembo. Nimeviuza kwa bei ya kutupa, kwa watu wanaojaza matambara ndani ndipo wavae. Kilichopatikana hakikufikishi hata Kabalo katikati ya njia, achilia mbali Lubumbashi na watoto wawili.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi.

Kwenye kadi kulibaki kidogo. Mama Chantal akasema tutafute birika za shaba, labda tutapata ya kuuza. Akaandika shaba, vitu vikajaa kwenye kioo. Katikati yake nikaona sahani yangu. Ilikuwa ile ya mwanamke mwenye mtungi kichwani na mtoto mgongoni. Alama yangu ya pembeni wameisugua mpaka imefutika, na Mama Chantal akanisomea kwamba imetengenezwa na ukoo wa mafundi wa nchi nyingine kabisa, nchi ambayo mimi sijawahi kukanyaga. Bei ya moja ni kama alichonilipa mnunuzi wangu kwa kumi.

Nilijuaje ni yangu? Yule mwanamke ana kovu juu ya jicho la kushoto. Ni wewe, mke wangu. Na mguu unaotoka kwenye kanga ni wa Amina. Sikukuambia kama nilikuchora. Siku ile nilikuwa nimekukumbuka sana, mkono ukaenda wenyewe. Sasa uko kwenye kuta za watu nisiowajua, umefika Ulaya, na kwangu mimi mumeo hujafika.

Nina hasira, sikufichi. Nilimwandikia yule mnunuzi, Mama Chantal akiweka maneno yangu kwa Kifaransa, na matusi akayaondoa bila kuniuliza. Mnunuzi akajibu kwa upole kabisa. Anasema sahani ikishalipwa si yangu tena. Anasema pia kwamba ile ya mwanamke mwenye mtungi inapendwa, nimpigie arobaini za namna hiyo hiyo, na kovu lisisahauliwe, wateja wanalipenda. Atalipa kwa kripto.

Nisalimie baba mkwe, ila hili la sura usimwambie, unamjua. Msalimie mama yako anayehangaika na wajukuu, na dada yangu Mwajuma muuza chumvi, mwambie nguo yake sijaisahau. Shemeji yangu Ramazani, mwadhini, aniombee dua.

Nimeshanunua shaba ya kuanzia, iko hapa mbele yangu, nyundo sijaigusa. Nikizipiga zote arobaini, tukakatwa na wabadilishaji, tukakatwa tena na kila mtu wa njiani, huenda ikabaki nauli yako na ya watoto. Nisipozipiga, sina mnunuzi mwingine. Anataka wewe arobaini wauzwe ili wewe mmoja upande treni. Nipige, au niache? Uso ni wako, Mama Amina. Sema wewe.

Mumeo,
Shabani