Chumvi ya Serikali

Mjukuu wangu Paskali,

Huku Endabash tunapumua, ila mvua imetutupa na mama yako bado anakohoa. Unauliza kwa nini sijajiandikisha kupata mbolea ya ruzuku.

Nilipokuwa msichana, gari la serikali lilishusha mbolea ya bure, likaondoka bila maelezo. Baba aliona chembe nyeupe, akadhani ni chumvi ya mifugo. "Serikali imekumbuka hata ng'ombe!" alisema, akawamiminia. Walilamba kwa raha. Tulilala nao nyumba moja, kama desturi yetu. Asubuhi hakuna ng'ombe aliyelia kutaka kutoka.

Baba hakumlaumu mtu. "Walitutakia mema," alisema tu.

Mbolea hufaa shambani, najua. Ukija, niandikishe. Ila gunia lisilale ndani. Nikiliona, nasikia ng'ombe wakilamba.

Bibi yako