Choka Lenye Makamba

Jumatatu, 8 Juni
Kubeba mawe tangu saa moja. Mabega yanawaka. Nimeoga, nimekula, saa mbili nikapiga simu nyumbani Bungoma. Mama Nekesa ameweka simu kwenye mto, karibu na sikio la mtoto, kama kawaida. Nekesa ana miaka minane. Nilipokuja Isiolo kutafuta kazi ya mjengo mwaka jana, alikataa kuongea na mimi miezi miwili. Namsalimu, kimya. Kitabu ndicho kilimrudisha. Nilikiokota katika nyumba tuliyobomoa, hakina jalada. Msichana anaitwa Zura. Anapanda mlima kurudisha ngoma ya mvua iliyoibwa na joka. Leo tumefika mlango wa pango. Mimi niliishia darasa la sita, nasoma polepole, kidole chini ya mstari. Yeye hajali. Anachotaka ni nisiruke neno. Siruki.

Jumanne, 9 Juni
Joka limetoka pangoni. Nimesoma kwa nguvu mpaka mabati ya chumba yakalia. Nekesa akauliza hizo kamba zake ni za nini. Sikuona kamba yoyote kwenye ukurasa, lakini nilikuwa nimechoka. Nikajibu ni za kufunga watu. Amefurahi sana. Ijumaa ni siku ya wazazi shuleni kwao, na amechaguliwa kusimama mbele ya watu wote asimulie hadithi. Atasimulia hii yetu. Nimelala nikicheka peke yangu.

Jumatano, 10 Juni
Mwenda ni jirani yangu hapa Kiwanjani, anauza miraa, na ukuta wetu ni bati moja. Anasikia kila kitu. Asubuhi kwenye bomba amecheka hadi akamwaga maji.
"Baba Nekesa, huyo mnyama ni joka. Wewe kila siku unasoma choka."
Nimebisha. Akasema nilete kitabu. Nikaweka kidole chini ya j, nikaiona kabisa, nikafungua mdomo: choka. Magamba nayo nasoma makamba. Ndiyo zile kamba za jana. Ni ulimi wa kwetu, j inatoka ch, g inatoka k, tangu nizaliwe. Nikamwambia mtu anayeita daktari ndaktari, kama kwao wote, asinifundishe mimi kusema. Tumecheka wote wawili.
Halafu nikakumbuka Ijumaa.
Jioni nilitaka kumwambia mtoto. Nikakuta anafanya mazoezi, choka hili, choka lile, sauti imejaa raha. Nimeshindwa. Aibu tupu. Anadhani baba yake anajua kusoma. Nimesoma kurasa mbili, nikakata simu.

Alhamisi, 11 Juni
Siku nzima nimebeba karai la kokoto nikisema joka, joka, joka. Fundi akadhani namtukana. Mchana ulimi ukakubali. Jioni nikapiga simu niseme ukweli. Imezimwa. Lazima stima imepotea kwao, simu haina chaji. Nikapiga tena. Imezimwa. Nimejichukia. Woga ni wangu, aibu itakuwa ya mtoto. Watamcheka, na atanyamaza tena. Hiyo miezi miwili siiwezi mara ya pili.

Ijumaa, 12 Juni
Tumemwaga slabu, zege la ghorofa. Ukianza slabu husimami mpaka iishe, la sivyo itapasuka. Saa kumi simu ikalia mfukoni. Nikaweka karai chini. Fundi akapiga kelele. Nikashika simu.
Mama Nekesa alikuwa anahema. Akasema Nekesa alipotaja choka, watoto walicheka. Hata wazazi. Mwalimu mkuu akamuuliza choka ni mnyama gani. Mtoto hakulia. Akajibu:
"Ni mnyama anakaa kazini kwa baba. Anafunga watu na kamba, wakifika kwao hawawezi kusimama. Lakini baba yangu anamponyoka kila siku, anakuja kunisomea."
Mama Nekesa anasema kicheko kiliisha. Halafu makofi. Mzee mmoja mkata miwa wa kiwanda cha jaggery, sukari guru, alisimama kabisa kupiga yake.
Nimelia na simiti usoni. Fundi akauliza kama ni msiba. Nikasema hapana, ni mtoto amesimulia hadithi. Akanitazama, akachukua karai langu akabeba mwenyewe mara mbili. Sijawahi kuona fundi akibeba karai.
Tumemaliza gizani. Mikono haikunjiki. Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Jumapili, 14 Juni
Nimefua. Nimelala mchana. Upepo na vumbi, basi.
Saa mbili nimemwambia Nekesa kwamba nilikosea. Neno ni joka. Na yale ni magamba, kama ya samaki, si kamba. Akasema anajua, mwalimu alimwandikia ubaoni Ijumaa ileile. Hakuona kama ni jambo kubwa.
Nikafungua kitabu. Nikasoma taratibu, ulimi nimeushika: Joka likainua kichwa.
"Baba," akasema, "soma vizuri. Ni choka."
Nikarudi mwanzo wa mstari, nikasoma choka. Akatulia. Mwenda upande wa pili alizima redio yake. Kabla ukurasa haujaisha pumzi ya mtoto ikawa ndefu, na mimi nikaendelea kidogo, kwa sauti ya chini, mpaka nukta.