Dada kwenye zulia la daktari

Shoga, shika simu! Nimejificha chooni hapa kliniki, sina mbavu!

Si unajua leo tumemleta Kidoti wa dada kwa daktari wa tabia za watoto? Shule imegoma kumpokea mpaka aonwe, kwa zile hasira zake za kujibwaga chini. Dada tangu asubuhi roho mkononi.

Basi Kidoti kabaki nje na nesi. Daktari anamuuliza dada hasira zinaanzaje, zinaishaje. Dada haya zimemjaa: "Ni kidogo tu..."

"Mama, usinifiche. Nionyeshe."

Nionyeshe! Dada yetu yule mpole! Kavua viatu, kajibwaga kwenye zulia, mateke juu: "SITAKIIII!"

Nesi kasikia, kafungua mlango mbio. Kidoti mbele. Kamtazama mama yake pale chini, kamgeukia daktari, sauti ya upole kabisa:

"Usimwangalie. Atanyamaza mwenyewe, halafu ndipo tutaongea."

Shoga, maneno ya dada hayo! Neno kwa neno! Na kila siku analia kwamba mtoto hamsikii!

Daktari kavua miwani, anafuta machozi ya kicheko.

Na dada? Kanyamaza kweli.