Ng'ombe wa Mkwe Kwenye Bwawa la Kwanza

Mpendwa Mama Nelly wa safu ya ushauri, shikamoo. Naomba msaada, ingawa ujue mapema kwamba Shinyanga nzima hakuna kijana mwenye maziwa matatu ila mimi, matajiri wa dhahabu wa Mwakitolyo wana magari, mimi nina mawingu, kila mchana yanalala kwenye maji yangu na bata wa porini wanatembea juu yake. Shule niliishia darasa la sita, nikawaachia wenye haraka.

Wenye wivu wanayaita mabwawa ya majitaka. Ni kweli maji ya vyoo vya shule, zahanati na soko yanaingia la kwanza, uchafu unatuama, yanahamia la pili, jua linayapika polepole, la tatu yanafika ya kijani, yametulia kama mtu anayeota, ndipo nafungua koki kina mama wanamwagilia bustani. Mimi ndiye mlinzi, na kazi yangu kubwa ni kulala chali juu ya tuta, maana maji hayo hayataki haraka, na mimi pia.

Bustanini ndiko nilikomwona Lusia. Nikamwambia, "Dada, ziwa hili nimekuchimbia wewe." Akacheka: "Ziwa gani linanuka hivyo? Kaoge kwanza!" Tangu hapo anakuja jioni, tunaangalia bata, rangi ya maji inabadilika mpaka nasahau njaa.

Baba yake, Mzee Masele, hakutaka kusikia. "Binti yangu aolewe na mchunga mavi?" Nikamjibu, "Mzee, nipe ng'ombe wako siku moja uone mchungaji." Akanipa. Nikawaleta kwangu, nikalala, nikaota ng'ombe wa mahari wanapita mmoja mmoja juu ya maji bila kulowa. Kuzinduka, mtamba wake mzuri yumo bwawa la kwanza, utando wa juu umeota majani, alidhani malisho! Kimebaki kichwa. Nikamtoa peke yangu. Mzee akanishika bega: "Ng'wanone, mwanangu, kumbe mwanaume." Sasa anataka wazee wangu waende kuzungumza mahari.

Nilitaka kukuuliza nivae nini siku hiyo. Basi, siulizi. Mtamba sikumtoa kwa nguvu, nilikata tuta kati ya bwawa la kwanza na la tatu ili maji yapungue. Nimeziba kwa viroba, bado yanavujia la tatu. Juu bado kijani, pazuri tu. Jana Lusia alimwagilia nyanya, mdogo wake akachuma moja akaila palepale, akanipungia mkono, na mimi nikampungia.

Bosi wa Maziwa Matatu

*

Bosi, marahaba. Nilicheka mpaka nilipofika kwenye nyanya.

Umenijazia bata na mawingu, choo ukakificha mwishoni. Unampenda Lusia, au unapenda anavyokutazama? Unamwona anashika maji ya chooni kwa mikono yake, unanyamaza ili baba yake aendelee kukusifu! Najua unaogopa. Sifa uliyopewa kwa kosa ni ngumu kuirudisha. Irudishe.

Jibu hili nakutumia kwa simu leo, gazetini litatoka Jumamosi. Usinijibu, funga koki kwanza. Kisha nenda bustanini, umwambie Lusia na kina mama wote kwa mdomo wako: wasimwagilie, wasiuze wala wasile kilicholowa, wanawe kwa sabuni, na mtoto akianza kuharisha apelekwe zahanati siku hiyohiyo. Huyo mdogo wake ulizia hali yake kabla ya salamu. Tuta lishindiliwe udongo wa mfinyanzi, achana na viroba, na koki isifunguliwe mpaka bwana afya apime maji na kusema yako salama. Piga uzio pia, ng'ombe hawajui kusoma kibao. Mzee Masele umfuate mwisho, umweleze ukweli. Akikufukuza, ana haki, nawe uondoke kwa adabu.

Nimeshampigia simu mtendaji wenu wa kijiji azuie umwagiliaji. Aliyekata tuta sikumtaja. Majina nimeyabadilisha, lakini kijiji chenye mabwawa matatu na mtamba aliyezama ni kimoja tu, na Lusia anajua kusoma. Asikukute gazetini. Inuka hapo tutani, uende.