Ubao wa Pili wa Meza ya Mama

Karakana, nyuma ya kiwanda cha mikate,
Alhamisi, tarehe tisa.

Mpendwa mdogo wangu, Bwana Nukta,

Ubao wa kwanza wa meza ya cherehani ya mama uliharibika Jumanne asubuhi, kama ulivyosikia, na hautengenezeki. Nimeanza na hilo usije ukalitafuta katikati ya salamu.

Sasa salamu. U mzima? Wifi yangu hajambo? Kile kifua chako kimetulia, au bado unakohoa na kusema ni vumbi? Sisi tunashukuru. Mgongo wangu unalalamika nikiinama, lakini tumezoeana. Kitinda mimba wetu tumbo linatangulia, yeye anafuata. Daktari amesema mwezi ujao.

Nilikasirika, sikufichi. Ubao ule niliuranda kwa mkono siku mbili nzima, kwa kuogopa mashine ya randa isije ikaula. Ndio uliokuwa uwe kichwa cha kitanda cha mtoto anayekuja. Mashine ya kukata ilipofika tundu la mwisho la kuungia kitanda ikatoka nje, ikapasua ukingo. Nikapima: milimita kumi na nane kuelekea kulia. Mwenye mashine akaniambia, "Dada, usinitazame hivyo. Hii haina macho, inafanya ilichoambiwa."

Basi nikafungua faili lako, ule mchoro ulionitumia wa kuilisha mashine. Unajua mimi sikukalia dawati la chuo. Programu hizi nilijifunza kwa kuharibu, kwa hiyo makosa yake nayafahamu kama majirani. Kwenye skrini kila kitu kimekaa sawasawa, ua katikati ya ubao, huku na huku umbali mmoja. Ila ulichagua ubao kwanza, ukachagua ua mwisho, kisha ukabonyeza kitufe cha kulinganisha katikati. Programu ile hufuata kilichochaguliwa mwisho. Ua lilibaki palepale. Ubao na matundu yake yote ndio uliosogea kulifuata. Wewe ukaona pazuri, mashine ikaanza kuhesabu kwenye kona isiyo na ubao.

Na usidhani sikujaribu kwanza. Nilikata kwenye ubao wa taka, ukatoka safi kama sahani. Ubao huo wa taka ulikuwa mpana, ukingo uko mbali. Kosa lingeonekanaje?

Lakini nataka nikuambie jambo jingine. Lile ua. Ni ua alilokuwa mama akilidarizi kwenye foronya zetu, na hakuna foronya hata moja iliyobaki. Umelichora kwa kumbukumbu tu, na ile petali ya tano iliyokuwa ikimpindia kila mara, umeipinda vilevile. Nililiona likitokea kwenye mti nikalazimika kwenda nje, nikasingizia vumbi la mbao. Kitinda mimba alipokiona kipande kilichopasuka alikishika muda mrefu, kisha akasema, "Mwambie kaka mtoto hajui milimita." Nikamjibu mtoto hajui, mimi najua. Tukacheka, maana tungelia.

Wifi ameniambia tangu Jumanne hujafungua kompyuta, na unasema mikono yako ina mkosi: mazishi ya mama hukuwahi, na sasa meza yake umeiua. Simu zangu hupokei. Mdogo wangu, acha hayo. Mazishi ulicheleweshwa na hati za safari, moyo wako ulikuwa hapa tangu siku ya kwanza. Na meza ilikuwa na mbao mbili. Mmoja umekwenda, mmoja uko mbele yangu ninavyoandika. Huu utakuwa kichwa. Miguuni nitatafuta mti mwingine.

Wa tatu haupo. Kwa hiyo sikiliza. Kwenye programu ufunge ubao usisogee, chagua ua kwanza, ubao mwisho. Kisha tazama kona ya chini kushoto: isome sifuri kwa sifuri. Isiposoma hivyo, usinitumie hata kama skrini inakupigia makofi.

Msalimie wifi, mwambie ahsante kwa kunifumbulia siri. Wabusu wapwa zangu wote, hata yule asiyependa kubusiwa. Baba mdogo anakusalimu kwa sauti ileile ya kuita mtu ng'ambo ya barabara. Mungu akulinde, akupe usingizi.

Sasa jibu ninalokudai. Mwenye mashine amenipa zamu ya Jumatatu asubuhi, na mtoto hatatusubiri. Yuko kijana mtaa wa pili anayechora vizuri, ila ua la mama halijui, na mimi sitamfundisha. Usiponijibu, ubao nitaukata mtupu, na katika kitanda hiki hapatakuwa na mkono wako. Sitaki sababu wala pole. Nataka neno moja kabla ya Jumapili saa kumi jioni: unachora, au huchori?

Mimi dada yako, nikupendaye hata nikinuna,
Fundi