Picha Yako Haikuonekana Lindi

Hamisi, rafiki yangu,

Mvua bado inanyesha, Jangwani kumejaa maji, na mimi bado nina hasira na wewe. Umeondoka ukaniachia kazi yetu ya kurasa za mtandao, ambayo wewe ndiye uliyeijua.

Ulizikwa siku ile ile uliyofariki, baada ya alasiri. Wazee walisema maiti hasubirishwi, na barabara ya kusini ilikuwa imekatika. Nami, Mhindu wa Kisutu, nilipokezana jeneza na jamaa zako. Mama yako alibaki Lindi. Hakukuona.

Basi nikakutengenezea ukurasa kwenye mtandao: dua upande huu, picha yako upande wa pili, ile uliyopigwa Mnazi Mmoja umevaa shati langu. Kwenye kompyuta ya dukani kwa baba ukurasa ulikaa vizuri. Nikampigia dada yako ampeleke mama intaneti kafe. Mama akaichukua simu mwenyewe: "Kirti, maneno nasomewa, lakini mwanangu simwoni."

Ungekuwepo tungefanya kama kawaida yetu, kuzunguka Kariakoo kafe hadi kafe tukiujaribu ukurasa, kila moja ikiufungua kwa kivinjari chake, nawe ukinitania, "Kwako poa, kwa jirani je?" Nikazunguka peke yangu. Kafe ya kwanza sawa, ya pili sawa. Ile ya Mtaa wa Sikukuu, picha haipo. Nikalia pale pale, watu wananitazama.

Tatizo ni lile lile ulilonigombezea siku zote: nafasi tupu kati ya ukingo wa boksi na maneno yaliyomo. Kivinjari kimoja huihesabu ndani ya upana wa boksi, kingine huiongeza juu yake. Boksi la dua likanenepa, likaisukuma picha chini, nje ya fremu ya ukurasa, ikakatwa. Nikaitoa nafasi ile kwenye boksi, nikaiweka kwenye aya zenyewe. Picha ikapanda.

Mama amekuona, Hamisi. Dada yako anasema aliweka kiganja kwenye kioo, na alipoombwa awapishe wengine alikataa kuinuka. Nilidhani nitapata nafuu. Sikupata. Mama ana pale kwenye kioo tu pa kukuagia.

Pumzika, ndugu yangu. Vivinjari vitakuja vingine na vingine. Kila kitakapotoka kipya, nitaujaribu humo ukurasa wako kabla ya kazi ya mteja yeyote, ili mama akija akukute.

Wako,
Kirti